Barua kwa Mzee wa Maabara: Mbuzi wa Muheza, lusina, na mdudu aliyechelewa kupewa jina

Mwezi huu barua tatu zimeangukia tumbo moja, tumbo la mnyama anayecheua, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Mliouliza kuhusu maji ya kisima na ukungu wa mahindi, nivumilieni hadi toleo lijalo.

Shikamoo Mzee wa Maabara. Nina mbuzi kumi na wanne hapa Muheza. Kiangazi hiki nyasi zilikwisha, nikawa nawakatia lusina iliyo mpakani mwa shamba, asubuhi na jioni, hawana chakula kingine. Sasa wanne wananyonyoka manyoya mkiani na mgongoni, na mate yanawatiririka. Kijana wangu anayesomea mifugo anasema kuna bakteria wa tumboni mwa mbuzi wa ng'ambo anayekula sumu ya lusina. Ni kweli? Na kama ni kweli, anauzwa wapi?
Mfugaji, Muheza

Marahaba, mwanangu. Tuanze na mbuzi, bakteria atasubiri. Leo hii acha kuwapa lusina hao wanne. Wape nyasi kavu, mabua, chochote ulichonacho, na maji ya kutosha. Mwite bwana mifugo awatazame ngozi, maana ukurutu nao hunyonyoa manyoya, na ukiuacha utawapata wote kumi na wanne. Ngozi ikiwa safi, haina magamba, na manyoya yanang'oka ukiyavuta kidogo tu, basi mshukiwa ni lusina. Wakishapona, lusina isizidi sehemu tatu katika kumi za chakula chao cha siku. Vichipukizi na mbegu vina sumu kuliko majani yaliyokomaa, kwa hiyo usichague vile vilaini ukidhani unawapendelea. Punda na sungura usiwazoeshe kabisa, matumbo yao si kama ya mbuzi.

Sumu yenyewe inaitwa mimosini. Hiyo ndiyo inayonyonyoa manyoya. Ikifika tumboni, vijidudu vya humo huigeuza kuwa kitu kingine ambacho wataalamu hukitaja kwa herufi tatu, DHP. Hiki hakishughuliki na manyoya, huenda kusumbua tezi ya shingoni. Mnyama anaota rovu, hamu ya kula inapungua, unamlisha na hanenepi. Mfugaji atasema karogwa.

Kijana wako kasema kweli, na kisa chake nakipenda kiasi kwamba mke wangu hutoka chumbani nikianza kukisimulia. Wewe huna pa kutokea.

Lusina asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Ilisambazwa nchi za joto kwa sababu majani yake yana protini nyingi na mizizi yake hurutubisha udongo. Huko Queensland, Australia, waliipanda kulishia ng'ombe, na ng'ombe wakaanza kupata yaleyale yaliyowapata mbuzi wako. Lakini visiwani Hawaii mbuzi walikuwa wakiila bila shida. Mmea ni uleule na mbuzi ni mbuzi. Mtafiti mmoja wa shirika la sayansi la Australia, CSIRO, jina lake Raymond Jones, aliuliza mwaka 1981: je, tofauti haiko kwa mbuzi bali kwa wapangaji wa tumboni mwake?

Swali hilo alilifuata kwa vitendo. Mwaka 1984 yeye na mwenzake Lowry waliripoti kwamba mbuzi wa Australia, baada ya kutiliwa tumboni majimaji ya mbuzi wa Indonesia, waliweza kuivunja DHP. Mwaka 1986, akiwa na Megarrity, akaripoti kwamba vijidudu kutoka kwa mbuzi wa Hawaii vimehamishiwa kwa wanyama wa Australia wanaocheua, navyo vimefanya kazi. Angalia hapo: wanyama wameshapona, wafugaji wameshafurahi, na bado hakuna aliyejua ni nani hasa tumboni anayefanya kazi hiyo. Walihamisha mtaa mzima ili wampate fundi mmoja.

Kumtafuta fundi huyo kulimwangukia Milton Allison na wenzake, Ames, jimbo la Iowa, Marekani. Mwaka 1992 ndipo wakaandika rasmi: jenasi mpya na spishi mpya, Synergistes jonesii. Neno la kwanza ni la Kigiriki, maana yake mfanyakazi mwenza. La pili ni heshima kwa Jones. Tangu swali hadi jina ni miaka kumi na mmoja.

Wakamweleza alivyo. Ana umbo la kijiti kifupi, karibu na yai. Hatembei. Oksijeni hataki hata kuisikia. Na tabia yake ya ajabu kuliko zote ni kwamba hachachui sukari. Katika tumbo lililojaa majani na wanga, yeye anataka DHP, na mbali na hiyo anatumia amino asidi chache kama arginini na histidini. Ni mtu aliyealikwa harusini, akapita sinia la pilau bila kulitazama, akaenda moja kwa moja kwenye kachumbari. Ndiyo sababu wengine hawakumwona: ukiweka sukari kwenye chakula cha maabara, wanaomea ni wale wapenda pilau.

Sasa, anauzwa wapi? Queensland huchachushwa kwenye mtambo, mchanganyiko wa vijidudu kutoka tumboni, kisha mfugaji huwanywesha ng'ombe wachache nao huwaambukiza wenzao kundini. Wewe usihangaike na hilo, na usije ukachota majimaji ya mbuzi wa jirani ukawanywesha wako kwa kusoma ukurasa huu. Pamoja na fundi utaleta na magonjwa. Kazi hiyo waganga wa mifugo huifanya kwa mnyama wanayemjua afya yake. Dawa yako ni panga: lusina kidogo, nyasi nyingi.

Kwa wanaokumbuka, mwaka huohuo wa 1992 ndipo mdudu mwingine, yule mdogo anayefyonza vichipukizi vya lusina, aliripotiwa kuingia Afrika Mashariki, na miti ikakauka ncha. Wakati huko wanasherehekea jina, huku tulikuwa tunalia na miti yenyewe.

Habari za kazi, Mzee? Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, Nakuru. Katika tumbo la ng'ombe wa machinjioni nimepata bakteria anayeota bila hewa. Jeni yake ya 16S, ile inayotumika kutambua ukoo wa bakteria, inafanana kwa asilimia 96.2 tu na jirani yake wa karibu. Kwangu mimi hiyo ni spishi mpya na nataka kuipa jina la mama yangu, aliyeuza ng'ombe wawili nisome. Msimamizi wangu anasema nipunguze kasi. Je, ananichelewesha?
Mwanafunzi, Nakuru

Salama, kijana. Msimamizi wako nampenda kabla sijamwona.

Namba yako ni nzuri. Mpaka unaotumiwa sana kwa 16S ni asilimia 98.7: ukiwa chini yake, kuna uwezekano mkubwa kwamba una kitu kipya. Ukiwa juu yake bado hujakosa, maana wako ndugu wanaofanana jeni hiyo na kutofautiana mengine yote. Kwa hiyo siku hizi unasomwa mfuatano wa jenomu nzima, yaani vinasaba vyake vyote, na kulinganishwa na jenomu za majirani, na kama wastani wa kufanana uko chini ya asilimia 95 au 96, unaanza kuongea kwa sauti.

Lakini swali langu la kwanza kwako si la namba. Una uhakika kwenye mrija wako yumo mmoja?

Usicheke. Kuna kiumbe aliyeitwa Methanobacillus omelianskii, aliyekaa vitabuni zaidi ya miaka ishirini akijulikana kama bakteria mmoja anayegeuza pombe kuwa gesi ya methani. Mwaka 1967 Marvin Bryant na wenzake wakaonyesha kwamba walikuwa wawili. Mmoja anakula pombe na kutoa haidrojeni, wa pili anaila haidrojeni hiyo na kutoa methani, na yule wa kwanza hastawi bila mwenziwe kumwondolea taka. Walikuwa kama mume na mke wenye kitambulisho kimoja. Na aliyewatenganisha si mgeni wa kazi: Bryant ni katika watu waliojenga elimu yote hii ya vijidudu vya tumbo la ng'ombe.

Kwa hiyo chovya, zimua, tandaza, chagua koloni moja, rudia. Halafu rudia. Mimi nilifundishwa mara tatu ndiyo kuanza.

Nakuonea huruma kwa sababu naijua kazi hiyo kwa vidole. Nilishika mirija miaka ishirini na sita. Majimaji ya tumbo tulikuwa tunayafuata machinjioni saa kumi na moja alfajiri na chupa ya chai, ile ya kawaida ya maua, tumeipasha kwa maji moto kwanza. Unaijaza mpaka inafurika, usiache nafasi ya hewa juu, unafunga, unakimbia. Tumbo la ng'ombe lina joto kama nyuzi 39, na mililita moja ya majimaji yake inaweza kuwa na bakteria bilioni 10, wengi wao wakichukia hewa. Unachobeba kwenye chupa ile ni watu wengi kuliko dunia nzima, na wote wanaogopa kifuniko kisilegee. Siku moja nilirudi nayo nyumbani bila kuiosha. Hayo tuyaache, ndoa yangu ilipona.

Ukifika maabara, kila kitu kinafanyika chini ya mkondo wa hewa ya ukaa. Njia hiyo tuliachiwa na Robert Hungate, Mmarekani aliyeieneza kuanzia miaka ya 1940 na 1950 na kuandika kitabu kikubwa cha tumbo la ng'ombe mwaka 1966. Mrija wa kioo, kizibo kizito cha mpira, sindano. Chakula cha bakteria kinachemshwa ili oksijeni itoke, kinatiwa sisteini ili kibaki bila oksijeni, na kinatiwa tone la rangi iitwayo rezazurini. Rangi hiyo ndiyo askari wako. Chakula kikiwa salama haionekani kabisa. Oksijeni ikiingia kidogo tu, mrija unakuwa wa pinki. Agari, ute unaokigandisha chakula hicho, ikiwa bado ya moto unauviringisha mrija juu ya barafu ili igande kuta zote kama rangi ya ukutani. Barafu tulinunua kwa wauza samaki, kwa hiyo mchana maabara yetu ilinuka ng'ombe na pwani kwa pamoja.

Hewa ya ukaa ya kwenye mitungi haikuwa safi. Ilikuwa na oksijeni kidogo, na ili kuiondoa tuliipitisha kwenye bomba lenye shaba iliyopashwa moto. Shaba inaila oksijeni, ukaa unapita. Usiku mmoja tuliacha mkondo ukiendelea juu ya vyakula vilivyokuwa vinapoa, mirija mia moja na kitu, tumeivizia kwa wiki tatu. Umeme ukakatika saa nane. Shaba ikapoa, gesi ikaendelea kupita na oksijeni yake. Asubuhi nilipofungua mlango, rafu nzima ilikuwa pinki kama duka la mapambo ya harusi. Mkuu wa maabara alitazama, akavua koti, akaenda kunywa chai. Hakuna aliyemsemesha mpaka adhuhuri.

Nakusimulia haya ili ujue kwamba mwenye kukuchelewesha si msimamizi, ni hewa.

Haya, tuseme ni mmoja na ni safi. Sasa unaanza kumweleza, na hapa ndipo wanafunzi wengi huchoka. Umbo na ukubwa chini ya hadubini. Anapokea rangi ya Gram, ile inayowagawa bakteria makundi mawili kwa ukuta wao, au anaikataa, na kama ukuta wake unakubaliana na jibu hilo, maana wako wanaodanganya. Anatoa mbegu za kujificha? Anatembea? Anaota kuanzia joto gani mpaka gani, kwenye uchachu gani? Anakula nini, na zaidi ya yote anatoa nini: asidi ya siki, ya siagi, ya maziwa, haidrojeni? Mafuta ya kwenye ngozi yake ni ya aina gani? Na majirani zake wa karibu uwapime siku ileile, kwa chakula kilekile. Usichukue namba zao kwenye makala ya mtu mwingine ukaziweka kando ya zako. Nimeona kazi nzuri ikirudishwa kwa hilo tu.

Kisha unamtoa nje ya nyumba yako. Sheria ya majina inataka mfano hai wa spishi, ule utakaokuwa kipimo cha wengine wote, uwekwe kwenye hifadhi mbili za umma zilizo katika nchi mbili tofauti. Wengi hupeleka DSMZ, Braunschweig, Ujerumani, na JCM ya Japani, au ATCC ya Marekani. Hapo mtu wa Brazili au wa Kampala anaweza kumwagiza na kukupinga. Bila hivyo una picha ya bibi harusi tu. Lakini kabla ya kuposti chochote nje, pata vibali vya nchi yako. Kuna Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika 2014, kuhusu mali za kibaiolojia na nani ananufaika nazo. Ng'ombe ni wa mtu, na machinjio yako ndani ya nchi. Anza na vibali mapema, hivyo navyo huota polepole.

Mwisho kabisa unaandika, na jina linatambuliwa rasmi likitoka kwenye jarida linaloitwa kwa kifupi IJSEM, au likitoka kwingine kisha likaingizwa kwenye orodha zake za uthibitisho. Jina la mama yako? Inaruhusiwa, na mimi ningefurahi. Linavaa vazi la Kilatini: mwanamume humalizia kama yule jonesii, mwanamke humalizia kwa -ae. La kwako mwenyewe usithubutu, hata kama kanuni zikinyamaza, watu hawatanyamaza.

Na uchunguze usije ukabatiza mtoto aliyebatizwa. Mwaka 1994 watafiti walimpa jina Streptococcus caprinus, yaani wa mbuzi, bakteria kutoka kwa mbuzi wa mwituni wa Australia wanaokula majani ya migunga yenye tanini nyingi. Jina tamu. Mwaka 1997 ikaonyeshwa kwamba ni yuleyule Streptococcus gallolyticus aliyeelezwa na wengine, na jina la mbuzi likawekwa kando. Huyo hewa haimuui, kumkuza ni rahisi, na bado walipishana mlangoni.

Jambo moja la kukutia moyo, maana nimekukaripia sana. Mwaka 2020 ilichapishwa kazi iliyojenga jenomu 1,200 kutoka tumboni mwa ng'ombe wa Afrika, Waborana wa Kenya, kwa kusoma vinasaba moja kwa moja bila kukuza kitu. Jenomu kwenye kompyuta inakwambia kiumbe anaweza kufanya nini. Haikwambii anapenda joto gani, wala huwezi kumnywesha mbuzi wa Muheza faili. Anayemshika hai mkononi bado ana kazi, na kutoka ng'ombe wa kwetu walioshikwa ni wachache. Endelea. Ukifika kwenye mafuta ya ngozi uniandikie tena.

Mzee, mimi nauza supu ya utumbo Vingunguti. Mteja mmoja amesoma simuni kwamba taulo lina mabilioni ya bakteria, sasa anawatangazia wenzake na biashara inayumba. Nimjibu nini?
Mama Supu, Vingunguti

Mwambie kasoma vizuri, ila kamlaumu asiyehusika, mama yangu. Taulo ndilo tumbo lenyewe tulilolizungumza tangu juu, na wale mabilioni wengi wao walikufa tumbo lilipopasuliwa na upepo kuingia. Waliobaki waliondoka na maji ya kuoshea na moto wako.

Wa kuangalia ni wengine. Wako wanaotoka kwenye kinyesi, kama Salmonela, na hao wanapita kwenye kisu na ubao: ubao wa utumbo mbichi usikatie ndimu na pilipili. Na yuko mmoja wa ukoo wa Klostridia, naye hapendi hewa, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemka. Supu ikizimwa jioni na kuachwa vuguvugu kwenye sufuria kubwa lililofunikwa, mbegu zinaamka, na ndani ya supu nzito oksijeni ni kidogo, kwa hiyo kwake ni nyumbani. Mteja wa asubuhi anashika tumbo kufikia jioni. Supu iwe inatokota mezani au iwe imepoa haraka kwenye vyombo vidogo vidogo, katikati hapo usiiache. Na iliyolala sufuriani vuguvugu usiku kucha, mama, mwaga.